Pumzi Yangu Siku ya Ndoa ya Masika

Nakuandikia wewe unayelala umeketi, mgongo ukutani, mito imerundikwa nyuma yako, kwa sababu ukijinyoosha tu kifua kinajifunga. Wewe unayesimama katikati ya mlima na kujifanya unasalimia watu, kumbe unatafuta pumzi. Nakujua. Mimi nilisalimia watu wengi sana kwenye kile kilima cha kutoka sokoni, hadi mtaani kwetu Butembo wakaanza kusema Mama Kavira amekuwa mtu wa watu, hata mbuzi wa jirani anamuuliza habari za nyumbani.

Niko hai! Acha niliseme hilo mapema, maana kuna asubuhi ambazo bado naamka na kulishangaa. Ukungu umejaa bondeni, majogoo wanawika, mume wangu Kakule anakoroma, nami navuta hewa, inaingia, inatoka. Inatoka! Asiyewahi kuishiwa na pumzi anadhani shida ni kuivuta. Wewe na mimi tunajua shida ni kuitoa.

Nilikuwa muoka mikate. Tanuri langu la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati lililokaa chini mno, na lilikula kuni za mikaratusi tangu alfajiri. Nililipenda. Watoto wetu wamekua kwa tanuri lile. Moshi ulikuwa sehemu ya kazi kama unga: ulikaa kwenye nywele, kwenye vitenge, kwenye shuka tulizolalia. Kikohozi kilipoanza tulikiita mafua. Mafua yakapita msimu wa mvua, yakapita kiangazi na vumbi lake jekundu, yakakuta mvua nyingine ikinyesha, na bado tuliyaita mafua.

Nikaanza kukalia mabenchi. Nani atayaeleza mabenchi yale? Ukuta umepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, mlango unafunguka, kila mtu anainua shingo, jina si lako. Ukikohoa mara moja, mwenzako anakutazama. Ukikohoa mara ya pili, anasogea. Walikuwa wanadhani nina kifua kikuu, na hata waganga wa hospitali walidhani hivyo, basi nikatema makohozi kwenye vikopo asubuhi baada ya asubuhi, na majibu yakarudi kila mara: hamna kitu. Nilipata benchi zima peke yangu. Binti yangu Masika, fundi wa kushona ambaye aliacha cherehani yake kila nilipokuwa na miadi, alikaa karibu nami bega kwa bega na kusema kwa sauti, ili wote wasikie: "Mama, leo tuko na nafasi muzuri."

Hatimaye nikafika kwa daktari mmoja mwanamke, mpole, mwenye mikono baridi. Akaniuliza kama navuta sigara. Nikacheka hadi nikakohoa. "Docteur, mimi niko mama wa parokia!" Yeye hakucheka. "Na kuni, mama? Umepika na kuni miaka ngapi?"

Nilitazama mikono yangu.

"Mapafu yako imechoka," akasema. "Haitarudia kuwa mupya. Mais lakini mutu anaweza kuishi nayo, na kuishi muzuri, kama anajua namna."

Akanipa pompe, kale kadawa ka kupuliza mdomoni. Halafu akamgeukia Masika, si mimi, akamfundisha jinsi ya kutoboa kitako cha chupa tupu ya maji, kuichomeka pompe mle, na mgonjwa kuvuta dawa kupitia mdomo wa chupa, ili isiishie kwenye ulimi. Masika alirudia na kurudia mbele yake kama mtu anayejifunza kushona shingo ya blauzi. Nilikuwa nimechoka, nikawa nasikiliza nusu nusu. Ashukuriwe Mungu kwamba yeye alisikiliza yote!

Mwili wangu ulikuwa umebadilika bila kuniomba ruhusa. Juu ya mifupa ya mabega palichimbika mashimo, ungeweza kuweka chumvi. Kitenge kilichonizunguka mara moja sasa kilinizunguka na kubaki. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Kuinama kufunga kiatu kulikuwa safari. Hata kula kulinichosha, nikawa naacha sombe yangu, yale majani ya muhogo, nusu na Kakule ananuna akidhani sipendi chakula alichopika. Ndiyo, alipika yeye! Fundi seremala, mtu wa shoka na randa, akipepeta maharagwe uani, na wanaume wenzake wakipita na kumcheka. Alivumilia, lakini haikuwa rahisi. Kulikuwa na siku alifunga mlango kwa kishindo na kwenda kwenye karakana yake bila kuniaga, kwa sababu nimekohoa tangu alfajiri na hana la kunifanyia. Dada yake mkubwa, Kahambu, wifi yangu, alisema waziwazi kwamba mimi nimejilegeza. "Wanamuke ba Kipese banalima mpaka bazeeke," alisema, akisifu kijiji chao. "Hii ya kukaa kwenye kiti imetoka wapi?" Kahambu ana kifua kama ngoma na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Niliogopa kumjibu, na sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Basi, ikaja ndoa ya Masika.

Mchumba wake, Mumbere, ni kijana wa Beni, mfanyabiashara wa kakao, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Ndoa ingefungwa kwao Beni. Barabara ilikuwa imetulia wiki ile, bila habari za waasi, tukashuka mapema tukiwa tumebanana na masufuria na mbuzi mmoja aliyelalamika njia nzima. Unajua Beni: unaacha baridi ya Butembo, unashuka, unashuka, hewa inakuwa ya joto na nzito, na pembeni mwa barabara kakao imeanikwa juu ya maturubai, inanuka kama pombe tamu. Nilikuwa na furaha! Pompe yangu ilikuwa imebaki kwenye pochi ya Masika, maana hakuniamini nayo. Nilimcheka kwa hilo. "Bibi arusi gani anabeba dawa ya mamake kwenye pochi ya arusi?" Akajibu, "Mimi."

Asubuhi ya ndoa mvua ilikuwa imenyesha, kuni zikalowa. Kwenye ua wa nyumba tuliyofikia walikuwa wameinjika masufuria makubwa ya maharagwe, ya wali, ya nyama, na kuni mbichi zilitoa moshi mzito, mweupe, unaotambaa chini chini. Ulitambaa ukaingia chumbani tulikokuwa tunamvalisha Masika. Nilikuwa nimepiga magoti, nafunga vifungo vidogo vya nyuma ya gauni lake. Nilikohoa. Nikafunga kingine. Nikakohoa tena, na kikohozi hakikuisha, kikawa ni mlango uliofungwa kutoka nje.

Sijui nieleze vipi. Wewe unayejua, unajua. Hewa ya zamani imejaa kifuani, haitoki, na mpya haina pa kuingia. Masikio yanavuma. Unaona watu wanafungua midomo. Nilishika godoro kwa mikono miwili na nikamsikia Kahambu akipiga ile sauti yake ya bondeni:

"Mulaze! Mulaze chini apumuzike! Leteni maji!"

Mikono ikanishika, ikanivuta kitandani, ikaninyoosha. Na hapo, mpendwa, ndipo nilipoona kifo kwa karibu, kwa sababu nilipolazwa chali ile pumzi kidogo iliyobaki ikakatika.

"Hapana!" Masika alipiga kelele. "Hapana kumulaza! Akilala anakufwa! Mumuinue!"

"Wewe ni bibi arusi, kaa kule!" Kahambu akamwambia.

Masika hakukaa kule. Alimsukuma shangazi yake. Msichana wangu, ambaye hajawahi kumjibu mkubwa tangu azaliwe, alimsukuma shangazi yake kwa kiwiko, akaniinua kwa makwapa na kunitoa mbele ya nyumba, kwenye baraza, mbali na moshi. Akaniweka kwenye kiti, akavuta meza mbele yangu, akaweka mto juu ya meza na viwiko vyangu juu ya mto. Niliegemea mbele kama mtu anayesinzia shuleni. Akafungua kitenge changu kifuani, akafungua kila kitu kilichobana, mbele ya wazee wa ukoo wa Mumbere, na sikuona haya hata chembe.

"Nani iko na chupa ya maji? Chupa! Haraka!"

Mtu akamwaga maji ya chupa yake. Masika akatoboa kitako kwa mkasi wa kushonea, akachomeka pompe, akaweka mdomo wa chupa kati ya midomo yangu.

"Mama. Niangalie mimi. Niko hapa. Nafinya moja. Vuta polepole... muzuri. Sasa toa. Hapana haraka. Kaza midomo, puliza kama chayi iko moto. Puliza chayi, mama."

Nikapuliza chai. Akasubiri, akafinya tena, mara moja moja, si zote kwa pamoja. Watu walikuwa wametuzunguka wakiomba kwa sauti, wengine wakiimba, na joto la miili yao lilikuwa kama tanuri. Masika akageuka, vele, ile shela yake, ikiwa imelala kichwani upande upande:

"Tunawashukuru kwa maombi. Mais mukaombee kule kwenye muti. Mama anataka hewa."

Wakarudi nyuma. Kahambu ndiye aliyewarudisha, nakumbuka vizuri, alitandaza ile mikono yake na kuwasukuma wote kama kuku.

Dawa ilinifungulia kidogo. Kidogo tu, kisha mlango ukaanza kufungwa tena. Sikuweza kusema hata neno moja zima. Masika alitazama midomo yangu, akatazama kucha zangu. Daktari wa mikono baridi alikuwa amemwambia: asipoweza kusema, midomo ikibadilika, dawa isiposhika, usingoje. Gari la arusi lilikuwa limeenda kupambwa maua. Kakule alikuwa kanisani tayari, na Mumbere pia. Pale kwenye lango kulikuwa na dereva wa pikipiki aliyeleta soda.

"Papa, unatupeleka kwenye santé," Masika akamwambia.

Dereva akamtazama kuanzia vele hadi viatu. "Wewe?"

"Sisi."

Wakanipandisha katikati. Kifua changu kikaegemea mgongo wa dereva, na nikuambie jambo: hakuna kiti kizuri kuliko hicho kwa mtu wa mapafu, maana umekaa wima na umeinama mbele. Masika akakusanya gauni lake lote, kitambaa alichokishona mwenyewe jioni nyingi, akalifunga kiunoni kwa kitenge, akapanda nyuma yangu na kunikumbatia. Tukaondoka. "Polepole kwa mashimo," alimwambia dereva. "Haraka mahali pengine pote."

Sasa hebu waza Beni siku ya Jumamosi. Barabara imejaa watu, na katikati yao inapita pikipiki yenye bibi arusi, vele inapepea kama bendera, matope yanaruka. Watu walisimama. Mwanamke mmoja aliyebeba ndizi alipiga kelele: "Bibi arusi anatoroka!" Wengine wakaipokea, ikatutangulia barabarani. "Anatoroka! Anatoroka!" Na mimi, kati ya pumzi na pumzi, naapa, nilitaka kucheka. Nilikuwa nakufa na nilitaka kucheka! Sijui mwili wa mwanadamu umeumbwaje.

Tukapita mbele ya kanisa. Pale kwenye ngazi, katika suti ya bluu, alisimama Mumbere. Nilimwona uso wake ukibadilika. Masika aliinua mkono kumwashiria, lakini kwenye pikipiki mkono wa kuashiria na mkono wa kuaga inafanana. Tulipokata kona nilisikia nyuma yetu injini nyingine ikiwaka.

Kituo cha afya, hiyo santé yao, ni kidogo, vyumba vichache na ua uliofagiliwa vizuri. Pikipiki ya pili ilisimama nyuma yetu kabla sijashuka, na Mumbere akaruka chini, akitokwa jasho.

"Masika! Umenikatala? Mbele ya batu bote?"

"Mumbere," alisema binti yangu, "shika hii chupa. Na unishikie mama upande ule."

Akaishika chupa. Akanishika upande ule. Tangu dakika ile sijawahi kuwa na shaka na mkwe wangu.

Muuguzi alikuwa mwanamume mfupi, mtulivu, asiyekimbia lakini asiyepoteza hatua. Hakunilaza. Aliniacha nimekaa na kuegemea mbele, akabana kidole changu kwa kadude kenye taa, akasikiliza mgongo wangu. "Ako na ugonjwa gani ya zamani?" Masika akaeleza. "Dawa yake iko wapi?" Masika akafungua pochi ya arusi, nyeupe, yenye shanga, akamwaga juu ya meza dawa zangu zote. Muuguzi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Batu bangekuwa banaleta hivi bote," alisema.

Akanivalisha kifuniko cha mdomoni na puani kinachotoa dawa kama ukungu, akanipa vidonge, na puani akaweka kamrija kanakotoka kwenye mashine inayovuma kama friji. Hewa ikaanza kuingia, nyembamba, baridi, tamu.

Ndipo Kakule alipofika, tai imekaa mgongoni, na Kahambu nyuma yake. Habari ilikuwa imemfikia kanisani kwamba binti ametoroka na mama amekufa. Kakule aliniona, akaona ile mashine na kile kidude kidogo cha kuzungusha ili kuongeza hewa, kikiwa kimefunguliwa kidogo tu.

"Fungula yote!" alimpigia muuguzi kelele. Sijawahi kumsikia mume wangu akipiga kelele vile. "Muko na mashine, na munamupimia pumzi kama mafuta ya taa! Fungula!"

Akanyoosha mkono kuifungua mwenyewe. Muuguzi akauweka mkono wake juu ya wa Kakule, bila nguvu.

"Tata, nisikilize. Kwa mutu mwingine, ningefungula. Mapafu ya mama imezoea hewa kidogo, tangu zamani. Ukimupatia mingi mara moja, atasikia usingizi. Atalala, ile hewa mubaya itajaa ndani, na kumuamusha itakuwa ngumu. Tunamupatia yenye kumutosha, tunaangalia kidole. Ikishuka, tutaongeza. Nitabaki hapa."

Kakule alinitazama. Niliinua kidole gumba. Ndilo lililokuwa neno langu pekee. Akaketi sakafuni na suti yake nzuri, akashika mguu wangu, akalia. Yule mtu wa kufunga milango kwa kishindo! Nilielewa wakati ule kwamba milango yote ile ilikuwa ni hofu.

Muuguzi aliita gari la wagonjwa, kwani nilihitaji hospitali kubwa. Likaja. Na hapo ukazuka ugomvi mwingine. Kakule anasema ndoa iahirishwe. Masika anasema haendi popote bila mimi. Mumbere anasema yeye atafanya atakachosema Masika. Wanasema wote juu ya kichwa changu, na mimi sina sauti.

Nikachukua mkono wa Masika. Nikachukua mkono wa Mumbere. Nikaweka mmoja ndani ya mwingine, kwa nguvu, nikaonyesha mlango. Masika akatikisa kichwa. Nikaonyesha mlango tena. Kisha nikamwonyesha Kakule yeye pia, kwa maana nani mwingine angemtembeza binti yetu mpaka altareni?

"Na wewe?" Kakule akauliza. "Nani atakushika?"

"Mimi," alisema Kahambu.

Wote tukamtazama. Alikuwa amesimama pembeni muda wote, kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo ule. "Niliona," alisema. "Nilimulaza na niliona macho yake. Sasa najua. Hatalala."

Akapanda gari la wagonjwa, akakaa nyuma yangu, kifua chake kile kikubwa kikawa ukuta wa mgongo wangu njia nzima. Gari liliruka kwenye mashimo, naye akanishika wima, akininong'oneza sikioni kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Puliza chayi, wifi. Puliza chayi. Ndiyo hivyo. Puliza."

Alasiri nilikuwa kitandani hospitalini, nimeinuliwa, mrija puani, nikiweza tayari kusema maneno mawili kwa mpigo. Wodi ilikuwa ya wanawake, imejaa. Tukasikia honi. Honi nyingi! Msafara wote wa ndoa ulikuwa umekuja, magari na pikipiki zilizofungwa maua, na ngoma ya vijana wa parokia. Muuguzi mkuu alitoka na mikono kiunoni, akawanyamazisha wote langoni, akaruhusu wawili tu.

Waliingia. Gauni lilikuwa na matope mpaka magotini na alama ya grisi ya pikipiki ubavuni, na sijaona vazi la arusi zuri kuliko lile. Masika akanyoosha kidole chake, pete ikang'aa. Nilitaka kupiga vigelegele. Ni haki ya mama! Nilifungua mdomo, nikavuta, na kikatoka kijisauti kama cha kifaranga. Machozi yakanijia.

Kitanda cha pembeni alilala mwanamke ambaye sikumjua hata jina, aliyepasuliwa tumbo. Alishika jeraha lake kwa mkono mmoja, akainua kichwa, akapiga kigelegele kwa niaba yangu. Wa pili akaitikia. Wa tatu. Wodi nzima, waliokuwa na homa, wenye mivunjiko, wenye watoto kifuani, wote wakapiga, na Kahambu akamalizia na sauti yake ya kuita ng'ambo ya bonde, hadi wale waliokuwa langoni wakaipokea na honi zikalia tena. Muuguzi mkuu akaziba masikio yake, lakini alikuwa akicheka.

Nilirudi Butembo mvua zikiwa zimekaribia kuisha. Kakule alikuwa amelibomoa tanuri kwa nyundo kabla sijafika, kwa idhini yangu, nami nilipopaona pale mahali patupu nilisikia uchungu, sitakudanganya. Tunapikia uwanjani sasa, palipo wazi, kwenye jiko la makaa, na mimi nakaa upande ambao upepo unatoka. Mapafu hayakuwa mapya. Kiangazi chenye vumbi kilinirudisha kwenye benchi, nikapewa dawa, nikatoka. Natembea kila asubuhi hadi kwenye kilima, na ninapochoka nasimama bila kumsalimia mtu yeyote. Pompe iko kwangu, chupa iliyotobolewa iko kwangu, nyingine iko kwa Kakule kwenye karakana. Nyumba nzima inajua: mtoe kwenye moshi, mkalishe, aegemee mbele, mfungulie nguo, dawa moja moja, mtulize, mtafutie chombo cha usafiri mapema, mbebe na dawa zake. Kahambu amewafundisha wanawake wa chama chake chote, na kwa sauti ile, naamini Kipese yote imesikia.

Halafu, siku ya soko Musienene. Nilikuwa nimeenda kununua birayi, viazi vyetu vya mviringo, kwa pikipiki, mdogo mdogo. Pale kwenye magunia ya maharagwe watu walikuwa wamejaa duara, na katikati mzee mmoja muuza vitunguu, Tata Paluku, alikuwa ananyooshwa chini, huku kijana mmoja akimmwagia maji usoni. Nilitambua ule mlio. Unasikika kama firimbi iliyovunjika.

Sina sauti ya kutosha kupiga kelele sokoni. Nikachukua kifuniko cha sufuria cha mama muuza chakula na mwiko wake, nikapiga. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Watu wakageuka.

"Mumuinue," nilisema. "Mumukalishe. Kwenye gunia, hivi. Mikono juu ya magoti."

"Wewe ni nani?"

"Mumuinue kwanza!"

Wakamwinua. Niliwasogeza nyuma kwa mwiko. Nilimfungua shati, nikamuuliza kama ana pompe, akatikisa kichwa kuelekea kwenye mfuko wake. Ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwenye karatasi kama kitu cha thamani mno kutumiwa. Nikaomba chupa, nikaomba kisu. Mikono yangu ilijua: nikatoboa kitako, nikachomeka pompe, nikamwekea mdomo wa chupa midomoni. Nikaketi mbele yake, magoti kwa magoti, nikamshika mkono.

"Tata, niangalie mimi. Vuta polepole. Sasa puliza, kama chayi iko moto."

Alipuliza. Nikapuliza naye. Katikati ya soko, sisi wawili tulipuliza chai isiyoonekana, hadi firimbi ikapungua, midomo ikaanza kurudi rangi yake. Pikipiki ilikuwa tayari imeitwa kumpeleka kituoni. Alipoweza kusema, alinitazama mashimo ya mabega, akatazama chupa, akauliza kwa vipande vipande:

"Mama... uko docteur?"

"Hapana, tata," nikamwambia. "Niko mugonjwa."